Kampuni ya Tatu Mezani

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani kwamba siku ile tulipochagua kampuni nilipandisha sauti kwa sababu ya kampuni. Nilipandisha sauti kwa sababu ya baba yangu. Wenzangu hawakujua, wakadhani napigania maziwa.

Nina duka la miwani. Juu ya duka kuna chumba kirefu ambacho zamani kilikuwa stoo ya viatu, na mpaka leo mvua ikinyesha kinanuka ngozi. Chumba hicho tumekipanga kikundi cha watu wazima, kila mmoja ana kazi yake na akili zake timamu, na humo ndani tunacheza treni. Treni ndogo, zile ambazo vichwa vyake vinaenea kwenye kiganja. Mke wangu huuita mchezo huu utoto uliokosa viboko. Yeye hayumo katika habari hii kwa sababu siku hizo alikuwa kwao akimuuguza mama yake. Angekuwapo angenisema mapema, yakaishia hapo.

Katikati ya chumba kuna meza, nasi tunaiita Meza tu, kana kwamba duniani hakuna nyingine. Juu yake kuna milima ya plasta, mto wa gundi, nyumba za kadibodi, na reli nyembamba inayozunguka yote hayo. Tumeiga mahali pa kweli: njia panda iliyokuwa nje ya mji wetu, ambako kampuni nne za reli zilikuwa zikikutana enzi hizo, kabla hazijafa moja baada ya nyingine. Na kila kampuni inayowekwa Mezani lazima iwe na mlezi wake. Mlezi ndiye anayeunda vichwa vyake vya treni na kupaka rangi mabehewa, na siku ya ufunguzi anasimama mbele ya stesheni yake akiwaeleza wageni kwa nini ameichagua hiyo. Kanuni hii aliitunga mwenyekiti wetu, Fundi Saa, ambaye anatengeneza saa kwenye kibanda mkabala na duka langu na haamini kwamba kuna kitu kinachoweza kwenda bila kanuni.

Shida ilikuwa nafasi. Kampuni nne hazikuenea. Ekspresi, iliyokuwa ikibeba abiria wa mbali kwenye mabehewa mekundu, haikuwa na mjadala. Nani atatengeneza njia panda ile bila Ekspresi? Lakini mabehewa yake ni marefu, hayapindi kirahisi, na kona yake ilimeza upande mzima wa Meza. Ya pili ilikuwa ya madini, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na vichwa vikubwa kuliko zote na wanaume wa kikundi wangelia kama isingekuwapo. Ikabaki nafasi moja na kampuni mbili. Moja ilikuwa ya maziwa, yenye mabehewa meupe yaliyokuwa yakileta makopo ya maziwa mjini alfajiri. Nyingine ilikuwa Reli ya Usafi wa Jiji, jina ambalo sidhani kama kuna mtu aliwahi kulitamka nje ya ofisi. Watu waliiita Marashi. Ilikuwa ikizoa takataka za mji mzima na kuzipeleka kwenye mashimo huko nje, na ukiiona inakuja ulikuwa na muda wa kufunga dirisha tu.

"Mimi nasema Marashi," alisema Fundi Saa siku tuliyokutana kuamua. Alikuwa ameshika picha ya zamani, ameinyanyua kwenye taa. "Kitazameni kichwa chake. Kifupi, kinene, kijani. Na haya mabehewa yenye vifuniko. Nimetembelea vikundi vingine vya treni, hakuna hata kimoja chenye kitu hiki."

Mwalimu akamuunga mkono. Mwalimu ni mama aliyefundisha jiografia mpaka akastaafu, na bado huongea kana kwamba kuna mtu anapiga soga nyuma ya darasa. "Tena ilipita pale kila siku iliyojaaliwa," alisema. "Ekspresi yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Tukiiacha Marashi tunawadanganya watu."

"Ya maziwa nayo ilipita," nikasema.

"Ilipita miaka michache ikafa. Marashi ndiyo iliyowazika wenzake."

"Siku ya ufunguzi watu watakuja na familia zao," nikasema. "Wamevaa, wamependeza. Tuwatoe makwao tuje tuwaonyeshe jalala?"

"Watoto wanapenda jalala," alisema Mwalimu. "Ningekuwa na jalala darasani nisingepata mtoro hata mmoja."

Wakacheka wote. Mimi damu ikanipanda mpaka masikioni. Kicheko kile hakikuwa na ubaya wowote, lakini mimi kicheko kinachoambatana na Marashi nakijua tangu utotoni, na kila nikikisikia nahisi kinanitafuta mimi. Nikasimama. Nikasema kama wanataka taka waende wakacheze jalalani, mimi najitoa. Halafu nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafumba macho. Nikawakumbusha kwamba umeme wa chumba kile unatoka dukani kwangu.

Mtu mzima ovyo. Nauza miwani ya kila aina, na siku ile mwenyewe nilivaa ya mbao.

Fundi Saa akaiweka ile picha kwenye bahasha, polepole, kisha akasema, "Haya, Bwana Miwani. Hatutagombana kwa sababu ya taka. Lea maziwa yako." Hakuna aliyepiga kura. Tukaanza kuzungumzia rangi.

Baba yangu alikuwa dereva wa Marashi. Aliiendesha maisha yake yote ya kazi, hakuwahi kuendesha nyingine. Akirudi nyumbani hakuingia ndani; alisimama bombani uani, Mama akamletea sabuni na limau, akajisugua mpaka kwenye viwiko, akabadili nguo kwenye kibanda cha kuni, ndipo akatuita. Hatukuwahi kumkumbatia akiwa na nguo za kazi. Hata hivyo harufu ilikuwapo, ndogo, kwenye nywele zake, na sisi wa nyumbani tuliizoea.

Shuleni hawakuizoea. Reli ilipita karibu na uwanja wetu, na Baba akifika pale alikuwa akinipigia honi, mara mbili fupi, kunisalimia. Alidhani nafurahi. Shule nzima imeziba pua, na mimi niko nyuma ya tangi la maji nimechuchumaa naomba ipite haraka. Wakanipa jina, Kichupa, kwa kuwa marashi hukaa kwenye chupa. Jina hilo lilinifuata mpaka nilipohama mji kwenda kusoma. Niliporudi na duka langu, na koti langu jeupe, hakuna aliyenikumbuka nalo, nikasema moyoni limekufa, na nitahakikisha halifufuki.

Sikuwahi kutamka uongo. Hilo nilikuwa najivunia, fikiria. Nilisema tu, "Baba alikuwa reli," nikanyamaza, na watu wakajaza wenyewe. Fundi Saa alijaza Ekspresi. Alikuwa akiniambia, "Ninyi watoto wa Ekspresi mna madaha," na mimi natabasamu.

Kabla ya ufunguzi Dada alinipigia simu. Dada yangu mkubwa ndiye anayekaa na Baba. Anashona sare za shule palepale nyumbani, muda wote ana pini mdomoni, na nadhani ndiyo maana maneno yake hutoka yamechongoka.

"Baba anauliza watu wako wameweka kampuni gani," alisema.

"Bado tunachagua."

"Bado? Si ulisema mmeshaanza kupaka rangi?"

"Tunarekebisharekebisha."

"Amenituma nimtafutie kitambaa cha kijani. Cha shingoni. Anasema madereva wao wote walikuwa wanakifunga, ndiyo ilikuwa sare. Anataka aje nacho siku hiyo." Kisha akashusha sauti. "Kama kampuni yake haimo, mwambie sasa hivi. Nimpe simu?"

Nikasema simu yangu inakatakata. Haikuwa inakatakata. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya ule ubao wa kupimia macho, wenye herufi kubwa na ndogo, na simu ilikuwa safi kabisa. Nikaikata, nikaenda kufuta vioo ambavyo vilikuwa vimeshafutwa.

Siku ya ufunguzi chumba kilijaa. Watoto walipanda kwenye masanduku ili waone, mama zao wakawashika viuno. Fundi Saa alikuwa amekodi kipaza sauti ambacho hakikuhitajika hata kidogo, na amemwalika mgeni rasmi, dereva mstaafu wa Ekspresi, mzee mrefu aliyekaa kwenye kiti cha mbele na kofia yake magotini. Mimi nilisimama mbele ya stesheni yangu. Makopo yangu ya maziwa yalikuwa madogo kama punje za mchele, nimeyapanga moja moja kwa koleo. Kazi nzuri, kila mtu alisema hivyo.

Baba aliingia ameshikwa mkono na Dada. Shati limenyooshwa likanyooka, ndevu zimenyolewa, na kitambaa cha kijani shingoni. Alisalimia watu wote mlangoni. Kisha akaanza kuizunguka Meza. Hakuja kwangu kwanza. Alianzia mwanzo wa reli na kuifuata kwa macho, akapita kwenye mabehewa mekundu, akapita kwenye madini, akafika kwenye maziwa, akanitazama akatabasamu, akaendelea. Akamaliza mzunguko. Akaanza tena. Mara ya pili alikuwa ameinama zaidi, anachungulia nyuma ya milima, maana alidhani labda imefichwa huko, kwenye njia ya pembeni.

Fundi Saa akamwona, akamjia na kipaza sauti chake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mabibi na mabwana, huyu ni baba yake Bwana Miwani, na ni mtu wa reli hasa. Mzee, hebu tuambie. Katika hizi, ulikuwa kampuni gani?"

Baba akanitazama. Kazi yangu ni kutazama macho ya watu, najua mtu anaposoma na anapobahatisha. Baba alikuwa anausoma uso wangu, na aliusoma mpaka mstari wa chini kabisa, ule ambao wateja wangu wengi hawaufikii. Sikuugeuza uso. Labda ningeugeuza angepata shaka. Mkono wake ukapanda shingoni, ukafungua kitambaa, akajifuta nacho jasho la usoni, akakikunja, akakitia mfukoni.

"Hii," akasema, na kidole chake kikaonyesha mabehewa mekundu. "Ekspresi."

Watu wakapiga makofi. Fundi Saa naye furaha ikamzidi, akamtia mkononi kisanduku cha kuendeshea, akasema basi atuendeshee kidogo, tuone mkono wa dereva. Baba alikuwa hajawahi kushika kidude kile. Akakizungusha chote kwa mara moja. Ekspresi ikatoka mbio, ikafika kwenye kona, ikalala ubavu na mabehewa yake yote. Watoto wakaangua kicheko. Baba naye akacheka nao, akasema uzee huo, akakirudisha kisanduku kwa mikono miwili.

Hapo ndipo mgeni rasmi aliponyanyuka kwenye kiti chake. Alikuja moja kwa moja kwa Baba, mikono ameitanua.

"Wewe nakujua," alisema. "Nimekuwa nakutazama tangu ulipoingia. Wewe si wa Marashi? Pale njia panda ulikuwa unasimama kwenye njia ya pembeni unatungoja tupite, halafu unatupungia mkono. Dereva pekee aliyekuwa anatupungia. Nimekukumbuka kwa mkono."

Hakuna aliyecheka. Hata kipaza sauti kilikuwa kimeshushwa. Kama kulikuwa na mtu duniani wa kuokota siku ile na kuirudisha mahali pake, alikuwa huyo mzee, na alikuja mwenyewe, na furaha yake.

"Hapana, ndugu yangu," alisema Baba. "Umenifananisha."

"Mbona sura ni ileile."

"Watu wanafanana."

Mzee wa Ekspresi akamtazama. Akaitazama treni iliyolala ubavu. Kisha akarudi kwa Baba, na mikono yake ikashuka. "Inawezekana," alisema. "Macho yangu yenyewe siku hizi." Akarudi kukaa.

Nilikuwa nimesimama umbali wa mkono. Maneno yaliyotakiwa yalikuwa machache, mtoto wa darasa la kwanza angeyasema: huyu ni baba yangu, aliendesha Marashi. Yalikuja mpaka kooni. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ilikuwa ghorofa ya chini na ilikuwa duka langu. Nikayameza. Mtoto fulani akaniuliza makopo yale yana maziwa ya kweli ndani, nikainama nikaanza kumweleza kwa kirefu.

Wakati wa kuondoka niliwasindikiza mpaka chini. Baba alishuka ngazi moja moja, ameshika ukuta. Alipofika mlangoni akaniuliza, "Nilisema vizuri?"

"Ulisema vizuri, Baba."

"Wale wenzako ni watu wa maana. Nikaona nisikuharibie." Akanipigapiga begani. "Maziwa yako yamependeza sana."

Dada alimwingiza kwenye gari, akaufunga mlango, akarudi pale niliposimama. Nilijua ananijia na vidonge vyangu. Alinikazia macho mpaka nikayainamisha yangu.

"Umemfanya baba yako ajikane mbele ya watu," alisema. "Tena umesimama hapohapo, unamhudumia mtoto wa jirani." Hakuongeza. Ningemshukuru kama angeongeza, angenitukana, angenipa pa kujibia. Aliondoka na mimi nikabaki nimeshika kitasa cha duka langu.

Siku zilizofuata sikufaa kwa lolote. Nilimpa mama mmoja miwani ya mume wake, akaivaa mpaka barabarani. Chakula kilikuwa hakipiti. Nikifumba macho namwona Baba ameinama, anachungulia nyuma ya mlima wa plasta. Nikasema liwalo na liwe, Alhamisi tukikutana nitasema.

Nikasema kweli. Tulikuwa wachache, maduka yameshafungwa, Fundi Saa anakaza skrubu za kona, Mwalimu anabandika paa la stesheni. Sikukaa hata kwenye kiti.

"Baba yangu hakuwa Ekspresi," nikasema. "Alikuwa dereva wa Marashi. Yule mzee alimkumbuka sawasawa."

Fundi Saa akaiweka bisibisi chini. Mwalimu akageuka na brashi ya gundi mkononi, inadondoka.

"Sasa kwa nini alisema vile?" aliuliza Mwalimu. Aliuliza kama anavyouliza siku zote, anataka kujua tu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilikuwa na jibu lote, tangu tangi la maji la shuleni mpaka umeme wa dukani kwangu. Lakini Fundi Saa alikuwa ananitazama, na Fundi Saa ni mtu mwema, hapendi kuona mwenzake anahangaika. Akaniwahi.

"Aa, Mwalimu, wazee hao," alisema. "Umri ukienda mambo yanachanganyika. Baba yangu mimi, mwishoni alikuwa ananiita jina la kaka yake."

Wakanitazama kwa huruma. Na mimi nikaona njia nyepesi imefunguka mbele yangu, nikapita.

"Ndiyo," nikasema. "Siku hizi anasahau."

Baba hasahau kitu. Ukimwuliza atakutajia vituo vyote vya Marashi kwa mpangilio, na majina ya wapakiaji wa kila kituo, na nani alikuwa na deni la sigara kwa nani. Lakini nilishasema, na Fundi Saa alishanishika bega, ananiambia pole sana, hilo ni jaribu, tumepitia wengi. Mwalimu akafuta macho. Akasema basi angalau mzee aione treni yake Mezani wakati bado anaweza kuitambua. Nikajitolea kuing'oa kampuni ya maziwa mwenyewe. Nikajitolea kuwa mlezi wa Marashi. Wote wakakubali, na ikapangwa siku nyingine ya kuwaalika watu.

Nilitoka pale mwepesi, napiga mluzi barabarani. Nilijiona mwanamume aliyesema kweli.

Sijawahi kuunda kitu kwa moyo kama nilivyoiunda Marashi. Kile kijani nilikichanganya na kukimwaga, nikakichanganya tena, mpaka Fundi Saa akasema basi, utatumalizia rangi. Vifuniko vya mabehewa vinafunguka kweli. Mwalimu alitengeneza takataka kwa majani ya chai na vipande vya karatasi za rangi, akazijaza mwenyewe, anacheka peke yake. Yule mzee wa Ekspresi alianza kuja siku za Alhamisi, anakaa pembeni anaangalia. Wenzangu walishamwambia kuhusu Baba. Siku moja aliniuliza, "Mzee anaendeleaje?" kwa sauti ile ambayo watu huulizia wagonjwa, nikamwambia anaendelea vizuri.

Jumapili mchana nikaenda kwa Baba kumwalika. Dada alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, cherehani inakimbia. Baba alikuwa sebuleni na rundo la sare magotini, anazikata nyuzi zilizobaki kwenye mishono. Ndiyo kazi anayomsaidia. Nikakaa kwenye kigoda karibu na miguu yake.

"Baba, tumeiweka Marashi."

Mkasi ukasimama. "Wapi?"

"Mezani. Tumetoa maziwa."

Aliuliza kila kitu. Vifuniko vinafungukia upande gani? Taa ya mbele mmeiweka katikati au pembeni? Nilimjibu, na kila jibu lilimvuta mbele kidogo kwenye kiti, mpaka sare zikaanza kuteleza na mimi nikawa nazidaka. Sijui mara ya mwisho nilimwona hivyo lini.

"Na mlezi wake ni nani?" aliuliza.

"Mimi."

"Wewe," alisema. Akacheka chinichini, akatikisa kichwa. "Wewe na Marashi."

"Siku hiyo nitasimama mbele yake niwaambie watu kwamba baba yangu ndiye aliyeiendesha. Wenzangu nimeshawaambia."

Kicheko kikabaki usoni kidogo, kikaondoka. "Umewaambia."

"Ndiyo, Baba. Nimewaambia ukweli."

"Na yule wa Ekspresi? Yule mwenye kofia?"

"Naye anajua. Siku hizi anakuja."

Baba akaokota sare moja, akatafuta uzi, akaukosa, akaiweka. "Alinikumbuka vizuri kabisa," alisema. "Anakuja kunikumbatia, mtu mzima mwenzangu. Nikamwambia amenifananisha." Akapangusa magoti yake, ingawa hayakuwa na kitu. "Sasa wote wanajua nilisimama pale nikasema uongo."

Nilikuwa nimekuja na habari njema, na ndiyo kwanza nikaona nilichokuwa nimebeba.

"Uliwaambia kwa nini nilisema vile?" aliuliza.

Nyuma ya pazia, cherehani ilinyamaza. Nilitazama mkeka, na nikajua kwamba ananitazama, na kwamba anausoma uso wangu tena, na kwamba safari hii hata herufi hazikuwa ndogo.

Alingoja kwa muda unaomtosha mtu kujibu. Kisha akauchukua mkasi, akaendelea kukata nyuzi, na akaongea kwa sauti ya chini ili Dada asisikie.

"Basi usijisumbue," alisema. "Mimi sitakuja, sina uso wa kwenda pale. Lakini wewe nenda, ukasimame na treni yako. Wakikuuliza, waambie ni uzee. Waambie, 'Baba yangu siku hizi anasahau.' Hilo watalielewa, na wewe hutaonekana vibaya."

Nikasema asante, Baba. Sikumwambia kwamba nilishawaambia hivyohivyo.